Kinywa cha Dada

"Usiniambie kama ni sahihi," alisema yule binti, kioo cha mkononi kikikaribia kugusa midomo yake. "Niambie kama ni yeye."

Mwalimu akaibonyeza tena ile simu iliyolala mezani. Zamani alikuwa akisoma taarifa ya habari redioni. Sasa, baada ya kustaafu, alifundisha matamshi ya Kiingereza sebuleni kwake, kati ya meza ya pasi na kabati la vyombo. Wanafunzi wake wote walitaka kusema kama Waingereza. Huyu alitaka kusema kama dada yake, na dada yake alikuwa ameshazikwa.

Ndani ya simu dada alikuwa mzima, anacheka. "No, no, Mama, I'm going home, don't worry."

"Hiyo 'no' yako imesimama wima kama nguzo," mwalimu alisema. "Sauti zetu hukaa pale ulipoziweka. Hizi hazikai. Anzia kwenye o, na kabla pumzi haijaisha uwe umeshafika kwenye u. Usikate. Mtu asijue umehama saa ngapi."

"Nou."

"Bado. Hapo nimesikia watu wawili."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama yao, huko nyumbani, alikuwa haoni tena, na moyo wake ulikuwa wa kubebwa kwa mikono miwili. Roho yake ilikuwa kwa huyo binti mkubwa. Msiba ulipotokea mjini, mjomba alikata shauri: Mama asijue kamwe kwamba mkubwa hayupo. Tangu hapo akawa anampiga chenga. Mara dada kakaukiwa sauti, mara koo, mara kazi nyingi. Sasa Mama alikuwa amegoma kula. Alitaka sauti ya mwanawe, si salamu za kuletewa.

Kwa Kiswahili hapakuwa na taabu, maana tangu utotoni watu waliwachanganya wale ndugu kwenye simu. Shida ilikuwa Kizungu. Dada alifanya kazi mapokezi, hoteli kubwa, na Mama, ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, alikuwa na mchezo wake: hakati simu mpaka dada aseme yale maneno, tena kwa spika, majirani wasikie. Mtu asiyeona ana masikio, jamani. Jaribu kumdanganya uone.

Basi mdogo mtu akajifunga kibwebwe. Alifanya mazoezi akiosha vyombo, alifanya mazoezi kwenye foleni ya maji, watu wakamwachia nafasi wakidhani akili zimemruka. Hata mazikoni mjomba alikuwa amemwambia asikanyage. Laini yake ya simu aliizima, akashika ya marehemu. Akimwona mtu wa kwao sokoni, hujibanza nyuma ya magunia mpaka apite.

Asubuhi moja, akipiga mswaki, alitamka "home", na kioo kikamrudishia kinywa cha dada, na ile pembe ya kushoto iliyokuwa ikipanda kidogo kila alipotaka kucheka. Mswaki ukamdondoka. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Kisha akatamka tena, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mno.

"Na wewe je?" mwalimu alimuuliza siku hiyo hiyo. "Wewe mwenyewe humpigii mama yako?"

"Mimi hanisubiri."

Mwalimu alidhani ni ule wivu wa watoto wa pili, akaguna tu. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho. "Haya, yote, mfululizo."

Binti akayasema yote. Mwalimu akafumbua macho haraka na kuitazama simu pale mezani. Ilikuwa imezimwa.

"Ya Allah," alisema, mkono kifuani. "Nenda kapige. Na hapa kwangu usirudi tena, mwanangu, nakuomba."

Alipigia pale pale nje, kwenye ngazi. Mama alipokea mlio wa kwanza.

"Mwanangu!" Alilia, akacheka, akagomba, vyote kwa mpigo. "Koo gani hilo lisilopona? Nilishasema mnanificha jambo! Hebu sema kile Kizungu chako. Jirani! Jirani we, njoo usikie!"

"No, no, Mama, I'm going home, don't worry."

Hakuna mahali palipokatika. Upande wa pili watu walipiga makofi, na Mama akapiga ukelele wa furaha kama msichana. Kisha alizima spika, akawangoja majirani watoke, na sauti yake ikashuka.

"Sasa nitakula. Nilikuwa naogopa nimebaki mikono mitupu." Alipenga kamasi. "Jana mjomba wako alinipeleka kaburini kwa mdogo wako. Nikalipapasa jina lake pale kwenye jiwe, nikamwambia alale, dada yake yupo. Maskini, yule hakuweza hata hiyo 'no' moja. Unamkumbuka lakini?"

"Namkumbuka, Mama," alijibu dada.