Shimo la Nungunungu

Nungunungu, mjane mwangalifu, aliishi katika shimo alimozaliwa. Siku moja Ngiri, mwenye majivuno, alimjia bila kuitwa.

"Bibi, nipe shimo lako, nami nikupe shamba langu zima la mihogo."

"Niache nifikiri hadi kesho," akajibu Nungunungu.

Akaenda kulitazama shamba. Mihogo ilikuwa imestawi, lakini nyayo za simba zilijaa kati ya matuta. Akarudi kwa Ngiri.

"Nimeziona nyayo. Wanao wako wapi?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Simba amekula wawili. Amebaki mmoja."



"Ulitaka simba anile mimi huko shambani. Shimo siliuzi, Ngiri. Lakini kamlete huyo aliyebaki, tutabanana."