Dashibodi ya Giza

"Bwana dereva, ongeza taa za dashibodi! Utajuaje unakwenda mwendo gani?"

Dereva hakujibu. Mkono wa kulia uliachia usukani, ukashika kigurudumu kidogo kilichokuwa pembeni, ukakizungusha. Kile kimwanga kilichokuwa kimebaki kwenye dashibodi nacho kikazimika.

Abiria aliyekaa nyuma alibaki mdomo wazi. Basi lilikuwa limemshusha kituoni kwenye mvua na giza, akakimbilia ndani ya gari hili na begi lake, na huko aendako alikuwa na neno zito la kusema. Hakutegemea kuanza kubishana na dereva wa kukodi, tena jeuri, aliyejifunika koti la mvua mpaka kichwani. Gari lake mwenyewe, huko mbali anakoishi, dashibodi yake inawaka buluu kama duka la simu, na anaipenda hivyo hivyo.

Akampigia mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyemtafutia usafiri.

"Umenipa dereva gani huyu? Anaendesha gizani kama mwizi!"

"Kaka, si nilikwambia? Akishika usukani haongei, na taa za dashibodi hapendi. Anasema zinamziba macho asione nje. Kila dereva na lake. Kuna wanaotaka nyekundu, wewe unataka buluu, huyo anataka giza. Muache."

"Nimuache mpaka anitupe mtaroni?"

"Funga mkanda," alisema mdogo wake, na sauti yake haikuwa na huruma hata chembe.

Akafunga mkanda, akaingia kwenye lililomleta. Alikuwa mtoto wa kwanza, na tangu utotoni alijipa kazi ya kuamua mambo ya watu wasiokuwepo. Safari hii ilikuwa zamu ya mama. Mama alikuwa amenunua gari kwa kiinua mgongo chake, gari ambalo kaka huyu hajawahi hata kuliona, na mtaa mzima sasa ulimfanya yeye ndiye tegemeo. Mjamzito akishikwa na uchungu, anagongewa mama. Mtoto akipandisha homa, anagongewa mama, naye anatoka na giza lote lile.

"Umemwambia mama kuhusu mnunuzi wa gari?" aliuliza.

"Nimemwambia yote. Kwamba anakuja kesho asubuhi, na kwamba wewe unataka funguo leo."

"Akasemaje?"

"Akasema uje."

"Basi vizuri. Mwanamke wa umri ule hana kazi na usukani usiku. Macho yamekwisha."

"Hujapanda gari analoendesha hata siku moja, kaka."

"Sina haja. Mama yangu namjua."

"Na wagonjwa wa mtaani watapelekwa na nani?"

"Wana ndugu zao. Leo atatoa funguo, atake asitake."

Gari likaongeza mwendo kidogo. Abiria akashika mlango.

Taa za barabarani zilikuwa zimeishia nyuma, na mvua ilizidi kupiga kioo cha mbele. Ghafla dereva akapunguza mwendo, taratibu, bila sababu yoyote ya kuonekana. Mbele hakukuwa na kitu ila weusi na maji. Abiria alikuwa tayari amefungua mdomo ili alalamike, ndipo taa kubwa za gari zilipomfikia mtu mmoja katikati ya njia, anasukuma mkokoteni uliojaa mbao, hana tochi, hana chochote cha kung'aa. Gari likampita pembeni kwa utulivu, hata maji halikumrushia.

Abiria aliingiwa na woga. Kusema kweli, aliona na aibu.

"Umemwonaje, ndugu yangu?"

Dereva alinyoosha kidole kwenye dashibodi iliyozimwa, kisha akakipeleka kwenye kioo cha mbele. Basi. Kidole kikarudi kwenye usukani.

"Umesikia?" kaka alimwambia mdogo wake, ambaye bado alikuwa kwenye simu. "Huyu mtu ni balaa! Mama angekuwa na nusu tu ya macho yake, wala nisingejisumbua kuja."

Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa, akakata simu bila kuaga. Kaka aliitazama simu, akasonya. Hakuona kilichochekesha.

Wakafika. Gari lilisimama mbele ya geti la mama, injini ikiendelea kunguruma. Nyumba ilikuwa kimya, haina hata taa moja. Sasa woga wa barabarani ulikuwa umemtoka, na ule ubishi wake wa kuzaliwa nao ukarudi mahali pake. Akatoa pochi. Hakuweza kutofautisha noti na risiti.

"Haya, tumefika salama, nashukuru. Sasa washa taa nikulipe."

Kimya.

"Wewe bwana, nazungumza nawe. Taa!"

Kimya kile kile. Dereva aliendelea kutazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu ambaye hajaambiwa neno.

Kaka akachoka. Alifungua mkanda, akajipenyeza katikati ya viti vya mbele, akanyoosha mkono mpaka kwenye kile kigurudumu, akakizungusha hadi mwisho. Dashibodi yote ikawaka. Mwanga ukaangaza usukani, ukapanda mpaka chini ya kofia ya koti la mvua, ukamuonyesha dereva uso mzima.

"Hebu punguza hiyo taa," mama yake alisema. "Bado sijaliingiza gari ndani."