Alama Tatu kwenye Nguzo ya Zizi

Uvumi ulimkuta Levina mashineni, akisubiri mpunga wake ukobolewe: kijana wa mwisho kufundishwa kulima na maksai wa mzee Ngusa alirudi kwao Lupiro na mbavu mbili zimevunjika. Wenzake walicheka, wakabeba mchele wao, wakaenda zao. Levina alirudi na zile mbavu nyumbani, akalala nazo, akaamka nazo.

Maana Digna, mwanawe wa pekee, alikuwa na siku ya tisa anakwenda kwa mzee huyohuyo.

"Ameshaanza kukufundisha?"

"Bado. Nazoa samadi."

"Kidato cha nne chote kile, ukazoe samadi?"

"Mama, kila mwaka tunangoja trekta la watu. Likifika kwetu, mpunga wa wenzetu uko magotini. Nikijua kushika plau hatumngoji mtu."

Kubishana na Digna ni kujichosha. Levina akavuka mto Lumemo, akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba umfukuze mwanangu."

"Marahaba, mayu," alijibu Ngusa. Kwa Msukuma yule kila mama ni mayu. "Nimekusikia."

Akaokota msumari, akakwaruza alama moja kwenye nguzo ya zizi. Levina akaridhika. Aliona mzee ameweka ahadi.

Kesho yake Digna alichoteshwa maji ya ng'ombe kumi na wawili. "Ndoo inabebwa hivyo?" Ngusa alimfokea mbele za watu. "Nenda kwenu, mama yako akakubembeleze!" Digna alirudi jioni mabega yamevimba. Asubuhi akaenda tena.

Levina akaenda mara ya pili, na jogoo kwapani. "Mzee, ongeza ukali kidogo." Ngusa akapokea jogoo, akakwaruza alama ya pili.

Wiki hiyo Digna alifungiwa lango mara mbili. Mara zote mbili alikaa nje kwenye mvua mpaka likafunguliwa. Jioni moja nyumbani aliwekewa ugali, hakuugusa. Levina akafurahi kimoyomoyo: mtoto ameshakata tamaa, hata chakula hakipiti.

Mara ya tatu alipeleka mchele mpya nusu debe, akapiga magoti palepale kwenye kinyesi cha ng'ombe. "Mzee, sina mwingine. Ni huyo huyo."

Ngusa akaokota tena msumari. Akakwaruza alama ya tatu, akatabasamu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

"Imetosha, mayu. Njoo Jumatatu."

Jumatatu Levina alibeba khanga safi ya kumfuta mwanawe machozi. Alimkuta yuko nyuma ya plau, mfereji umenyooka kama kamba. Ngusa alitembea sambamba na maksai wa kushoto, mwili wake katikati ya pembe na msichana, akifoka: "Macho mbele! Unalima au unaandika barua?"

"Mzee! Si uliniahidi?"

"Mimi? Nilikuwa nahesabu tu." Hakusimama. "Wanaoletwa na wazazi wao hukimbia kwa teke moja. Yule wa Lupiro hata teke hakulipata. Alikimbia, akaangukia mtaroni. Siku hizi simshikishi mtu plau mpaka mama yake aje mara tatu kunililia nimfukuze, na mtoto bado arudi. Akina mama wengi huishia mara ya pili. Wewe hukuchoka."

"Na yule jogoo alikuwa mtamu, mama," alisema Digna bila kugeuka.

Basi mama mwenye mtoto mbishi, haya yaepuke:

Usibebe maneno ya mashineni ukalala nayo.

Usipeleke jogoo. Atakayelishwa ni huyo huyo mwanao, apate nguvu ya kurudi kesho.

Mtoto akikataa ugali, kwanza mnuse mikono.

Usipige magoti zizini. Harufu haitoki.

Na mara ya tatu usiende.