Tangazo Katikati ya Magitaa

Ambwene alikuwa hewani na kipindi chake cha muziki wa roki, katika studio iliyokuwa juu ya soko la mji ule wa mbali, baba yake alipopiga simu.

“Mama yako ametutoka, mwanangu. Tutangazie.”

Akapunguza magitaa, akalitaja jina la mama yake kwa sauti ileile aliyozoea kutangazia misiba ya watu, kisha akaupandisha muziki. Hakuhisi uchungu. Alihisi kiu tu.

Chini, wauza viazi walizima redio zao mmoja baada ya mwingine. Bi Sekela, shoga wa mama yake, akaja kusimama chini ya dirisha.

“Shuka, baba! Shuka twende nyumbani!”

Ambwene akainua mkono, akampungia kama anavyowapungia wasikilizaji wake.