Nyama Kando ya Lango

Kwa wiki tatu Tabitha alikuwa akimfundisha mbwa wao, Shujaa, asiguse chakula mpaka aambiwe. Mbwa wawili wa jirani walikuwa wamekufa kwa nyama yenye sumu waliyorushiwa na wezi. Lakini kila walipokaa kula, mama mkwe wake, Bi Sinforosa, alimdondoshea Shujaa mfupa chini ya meza.

“Mama, nilikuomba,” Tabitha alimwambia.

“Mbwa naye ana tumbo, mwanangu. Unamtesa bure.”

Asubuhi moja, Tabitha akianika nguo mwisho wa uwanja, aliona pande la nyama kando ya lango. Shujaa alikwisha kulinusa. Aliyekuwa karibu naye ni Bi Sinforosa, akifagia uwanja.

“Lile neno lako la kumzuia ni lipi?” Bi Sinforosa aliuliza, na ufagio ukamtoka mkononi.

“Acha. Mwambie acha, mama.”

Bi Sinforosa alilitamka kwa sauti ndogo. Shujaa akainua kichwa, nyama ikiwa tayari kati ya meno, akautazama mkono wake kama alivyozoea kungoja mfupa. Bi Sinforosa akalirudia neno. Kisha akainama taratibu, akakinga kiganja kitupu chini ya mdomo wa mbwa, akangoja aiachie.