Hapa Hatoki Mtu

Mama alichomoa valvu ya tatu ya redio, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kama mtu anayekagua yai.

"Hii je? Nzima au mbovu?"

Baba, upande wa pili wa meza, alicheka. "Bibie, huoni kichwa chake? Pale juu ya kioo pakiwa na rangi ya fedha, ni nzima. Pakigeuka peupe, hewa imeingia. Hiyo imekufa. Tupa."

Daktari alikunywa chai huku akiwatazama.

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyemwita daktari. Wiki iliyopita gesi iliachwa wazi asubuhi nzima, na kabla ya hapo funguo za nyumba zilikutwa ndani ya jokofu. Yeye na kaka yake walikwisha kupata chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, yenye wauguzi na bustani. Kilichobaki ni neno la daktari.

"Hapa hatoki mtu," mama alikuwa amemwambia daktari pale pale kizingitini, kabla hata ya kumkaribisha.

Daktari hakubishana naye. Alisema hapendi kumuuliza mtu leo ni tarehe gani; anapenda kumwona akiwa na kitu anachokijua. Ndipo mama alipotoa kabatini tyuna ya zamani, ile sehemu ya redio inayonasa stesheni, ya enzi za valvu za kioo. Wazazi hao wawili waliishi kwa kazi ya kutengeneza redio. Dukani kwao meza mbili zilitazamana, na wateja walibishana nani kati yao ni fundi na nani msaidizi.

Mama aliigeuza tyuna chali, akapeleka kidole kwenye kapasita kubwa, kile kikopo kinachohifadhi umeme.

"We! Mkono huo!" baba alifoka. "Hata ukichomoa waya ukutani, hiyo bado imeshika umeme. Unataka kuzikwa leo?"

"Leo sina nafasi." Mama alirudisha mkono. "Sasa niutoeje huo umeme?"

"Kwa rezista. Mguu mmoja kwenye bati, mwingine kwenye kapasita, halafu subiri. Nani alikufundisha kazi wewe?"

"Mtu mmoja hivi. Mkali kama wewe."

"Basi alitwanga maji kwenye kinu."

"Mama, usifanye hivyo," binti alisema.

"Mwache," daktari alisema, na kusogeza kiti chake mbele.

Kazi iliendelea. Kapasita za karatasi zilikuwa zimevuja nta, zikatolewa zote, zikawekwa mpya. Mama alilehemu, baba alisimamia. "Risasi kidogo! Unalehemu au unapaka siagi?" Soketi za valvu zikasuguliwa kwa spiriti. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ulikuwa umelegea. Mama alijaribu kuuzungusha kushoto, baba akamwambia kulia, na kulia ndiko ulikokaza.

Alipotaka kuchomeka waya moja kwa moja ukutani, alizuiwa tena. Baba alimtaka aupitishe umeme kwenye balbu kwanza: ikiwaka kwa ukali, ndani kuna shoti, ikififia, ni salama. Balbu iliwaka, ikafifia. Ndani ya tyuna valvu zilianza kuiva, moja baada ya nyingine, kwa rangi ya chungwa.

Mama alizungusha kitufe. Kimya. Akakirudisha. Kimya.

"Imenishinda," alisema, akakunja mikono. "Haitoi sauti."

Binti alifumba macho.

Baba alipiga meza kwa kiganja, kikombe cha daktari kikaruka. "Itoe sauti kwa mdomo gani? Ina spika hiyo? Tyuna inanasa tu, bibie, msemaji ni amplifaya! Hata wateja wangu hawakuwahi kuniletea kichekesho hicho!"

Alisimama mwenyewe, akavuta amplifaya yenye spika kutoka rafuni, akaunganisha nyaya mbili bila kutafuta matundu yake, akazungusha kitufe kwa ncha za vidole. Chumba kikajaa sauti ya mwanamke akisoma habari, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

Daktari aliinuka.

"Nimeona vya kutosha," alimwambia binti. "Mwambie kaka yako hicho chumba wapewe wengine. Gesi itiwe kufuli, basi." Kisha akampa mkono baba. "Mzee, wewe utabaki kwako. Nilielezwa kuwa hali yako ni mbaya zaidi kuliko hivi."

Binti alimkazia macho mama yake. Mama naye akamkazia, mpaka binti akainamisha uso na kumsindikiza daktari nje.

Mama alianza kukusanya bisibisi na koleo. Baba alimsogelea, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, kwa adabu ya mwenye nyumba anayemuaga mgeni.

"Ahsante sana kwa kuja, bibie fundi," alisema kwa sauti yake kubwa. "Bahati mbaya hukumkuta mke wangu. Amekwenda sokoni."

Dirisha lilikuwa wazi, na daktari alikuwa bado hajafunga mlango wa gari. Mama alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho.