Moshi wa Toba

Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto. Mtaani kwetu, penye moshi moto huzimika. Mkataba wa mataifa umepiga marufuku moshi wa toba vitani. Polisi wanaruhusiwa kuwapulizia raia.

Mama aliuvuta alipoandamana hadi kituo cha polisi kudai maiti ya kaka yangu, Shomari. Tangu siku hiyo, ukipiga hodi hasemi karibu. Anasema, "Nisamehe." Huiomba radhi sufuria kabla ya kuiinjika, kisha hukigeukia kitanda kitupu cha Shomari: "Nisamehe, baba, kwa kukuzaa."

Leo afisa wa polisi amekuja na mkebe wa moshi huo mkononi.

"Binti, mama yako ameshatulia. Nawe omba radhi, mpewe maiti mkazike."

Mama akanivuta kanga. "Omba, mwanangu."

Afisa akaanza kufungua mkebe. Nikasema upesi, ulimi ungali wangu:

"Siombi radhi."